Je, Wajua? Tela la Porini Haliuawi na Mzigo

Kampuni iliyounda jeep ya kwanza haikutajirishwa na jeep. Iliishia kuunda matela. American Bantam, kiwanda kidogo cha mji wa Butler, Pennsylvania, kilikabidhi gari lake la majaribio kwa jeshi la Marekani Septemba 1940. Gari likapendwa, ila jeshi likaona kiwanda ni kidogo mno kwa vita iliyokuwa inakuja. Zabuni kubwa zikaenda kwa Willys na Ford, na Bantam ikaambulia magari yasiyofika 3,000. Kifuta jasho chake kikawa tela la robo tani, la kuvutwa na jeep hizo hizo zilizotoka viwanda vya wenzake. Hilo ililitoa kwa wingi: zaidi ya 70,000.

Tela hilo, lililoitwa T-3, lilibeba kilo 225 hivi kwenye njia mbovu, mzigo ambao mkokoteni wa punda unaubeba bila kelele. Lakini ukilichunguza utaona kwamba karibu kila swali analojiuliza fundi wa leo lilishajibiwa pale. Bodi lilizibwa lisipitishe maji, kwa hiyo likifika kwenye mto wenye kina linaelea pamoja na mzigo wake. Sakafuni yaliwekwa matundu mawili yenye vizibo. Mvua ikilijaza, unafungua maji yatoke. Magurudumu yalikuwa yale yale ya jeep: rimu ile, tairi ile, nati zile. Jeep ikipata pancha na spea imeshatumika, unaegesha tela kando, unachomoa gurudumu lake na kuendelea na safari.

Na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ulilingana na wa jeep kwa makusudi. Kwenye mchanga au tope, magurudumu ya mbele ndiyo yanayolipa gharama ya kushindilia ardhi. Yanayofuata nyuma yakipita kwenye alama zile zile yanasafiri karibu bure. Tela lenye upana tofauti linachimba njia zake mbili mpya, na injini inazilipia kwa mafuta na joto.

Je, wajua kwamba kuna gari maarufu ambalo halifuati hata alama zake lenyewe? Ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kipenzi cha mbuga zetu. Mwaka 2007 sehemu yake ya mbele ilipanuliwa ili ipokee injini ya V8, ya nyuma ikaachwa ilivyokuwa. Magurudumu ya nyuma yakabaki na upana mdogo kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10. Australia wapo mafundi ambao riziki yao ni kusawazisha kasoro hiyo kwa kubadilisha ekseli ya nyuma. Anayeunda tela la kuvutwa na gari kama hilo lazima aamue kwanza: lifuate magurudumu ya mbele au ya nyuma?

CHUMA HUCHOKA

Watu wakitaka kuunda tela la njia mbovu, swali la kwanza huwa ni hili: chuma kiwe kinene kiasi gani? Kwangu hilo ni swali la tatu au la nne. Tela halivunjiki siku ulipolijaza simenti kupita kiasi. Siku hiyo litainama, litalalamika, litafika. Linavunjika miezi kadhaa baadaye likiwa na mzigo wa kawaida, mahali ambapo hakuna hata shimo la maana barabarani, na dereva anaapa kwamba hakufanya lolote.

Elimu ya jambo hili ilianza kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa inarudisha watu Paris kutoka kwenye sherehe za Versailles ilianguka eneo la Meudon, ikawaka moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli ya kichwa cha treni ilikuwa imekatika. Mhandisi kijana wa Uskoti, William Rankine, akazichunguza ekseli zilizokatika akaona kwamba ufa huanzia pale ambapo chuma kinabadilika unene ghafla, penye kona kali, kisha unakua polepole kila gurudumu linapozunguka. Baada yake Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa akifanya kazi ya reli, alizungusha na kupinda vyuma kwenye mashine zake mara nyingi mno, miaka nenda miaka rudi. Akathibitisha kwamba chuma kinaweza kukatwa na mzigo mdogo sana kuliko ule ambao kinaweza kuubeba mara moja, mradi mzigo huo uje na kuondoka mara za kutosha. Akaonyesha pia kwamba kuna kiwango ambacho mkazo ukikaa chini yake, chuma kinadumu karibu bila kikomo. Aluminiamu haina kiwango bayana cha namna hiyo: kila mtikisiko unaacha deni dogo, na siku moja deni linadaiwa.

Sasa leta elimu hiyo kwenye gereji. Mkono wa tela, yaani kile chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda kushika gari, hufanya kazi kubwa kuliko chuma kingine chochote chini ya tela. Sehemu inayoteseka zaidi ni pale unapokutana na fremu. Na ni hapo hapo ambapo mchomeleaji, kwa nia njema kabisa, huweka mshono wa kukatisha upana wa chuma, juu na chini, ili “ushike vizuri”. Mshono ule ndio kona kali ya Rankine. Ukitaka kujua tela limefikia wapi, lala chini yake na tochi, paangalie hapo. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na kutu ya rangi ya chai ikichuruzika kutoka ndani ya mstari huo, ni ufa. Hauzibwi kwa rangi.

Je, wajua kwamba kununua chuma cha daraja la juu hakukusaidii sana hapo? Chuma kigumu zaidi kinabeba mzigo mkubwa zaidi, hilo ni kweli, lakini kikishachomelewa na kuachwa hivyo, uwezo wake wa kustahimili mtikisiko unakuwa karibu sawa na wa chuma cha bei rahisi, kwa sababu kinachoamua ni mshono. Ndiyo maana waundaji makini huchomelea kwa kufuata urefu wa mkono, si kukatisha. Bamba la kuongeza nguvu hulichonga ncha zake zikawa ndefu na nyembamba ili mkazo upungue taratibu. Na ekseli hawaichomelei moja kwa moja kwenye springi wala kwenye fremu, wanaifunga kwa boliti zenye umbo la U.

Unene sasa. Chukua bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50, lenye ukuta wa milimita 4. Ukililaza ubapa linapinda karibu mara tatu zaidi ya ukilisimamisha wima, na hujaongeza hata shilingi. Kimo cha chuma kina thamani kuliko unene wake, na fundi anayeongeza unene wa ukuta bila kuongeza kimo ananunua uzito.

Lipo jambo jingine linalowashangaza watu: fremu za malori makubwa huundwa zijipinde. Vyuma vyake vikuu mara nyingi ni chaneli zilizo wazi upande mmoja, zimeunganishwa kwa ribiti au boliti, na lori likipita kwenye korongo gurudumu moja juu na jingine chini, fremu inajisokota kisha inarudi. Unimog ya Wajerumani imelifanya hilo kuwa msingi wa gari zima, na kabati lake la dereva linakaa juu ya vishikizo vichache vinavyoruhusu fremu ijisokote bila kulipasua. Ukifunga boksi gumu kwa boliti kumi na mbili juu ya fremu inayojisokota, mojawapo itapasuka, na kwa kawaida ni boksi.

MAWIMBI YA BARABARANI

Adui mkubwa wa tela si shimo. Shimo dereva analiona, anapunguza mwendo. Adui ni yale makunyanzi madogo madogo ya barabara ya vumbi, safu baada ya safu, yanayotikisa gari mpaka meno yagongane. Keith Mather wa Australia alichunguza chanzo chake kwa kuzungusha gurudumu dogo juu ya mchanga, na mwaka 1963 akaeleza matokeo yake katika jarida la Scientific American. Mwaka 2007 watafiti wengine wakarudia jaribio la aina hiyo kwa vipimo vya kisasa na kulichapisha. Makunyanzi hujitengeneza gurudumu likiwa kubwa au dogo, lenye springi au lisilo nayo. Kinachoyazuia ni kimoja tu, mwendo mdogo sana, wa kukaribiana na mtu anayetembea kwa miguu. Kwa hiyo ukisikia mtu analaumu malori pekee kwa kuharibu barabara ya kijijini, mwambie hata pikipiki zimo.

Juu ya makunyanzi hayo shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto. Ikizidiwa, mafuta yake yanatoa povu, nguvu yake inapotea, na tela linaanza kurukaruka. Springi za vyuma bapa, zile za zamani zilizopangwa moja juu ya nyingine, zina faida ambayo hazisifiwi vya kutosha: vyuma vinaposuguana vinatuliza mtikisiko vyenyewe, hata pasipo shokapu. Tena ukivunjikiwa na kimoja porini, vilivyobaki vinakufikisha, na fundi wa kijiji chochote chenye gereji anajua kukibadilisha. Zipo ekseli za mpira zinazojisokota ndani ya bomba, laini na tulivu, na zipo zile ambazo kila gurudumu lina mkono wake, zenye springi za koili. Kwa mtu anayekwenda mbali na maduka, mimi bado nampigia kura chuma bapa.

Hapo ndipo mafundi wa jua kali wa Kenya na wenzao wa Tanzania wanapostahili heshima. Mkokoteni wa punda uliojengwa juu ya ekseli kuukuu ya pikapu una beringi halisi, tairi zenye upepo na rimu ambayo spea yake inapatikana mtaani. Ni fikra ile ile ya Bantam, wameifikia wenyewe kwa akili ya njaa na uzoefu.

HABU YA MOTO KWENYE MTO WA BARIDI

Umeshuka mlima mrefu, breki zimefanya kazi, habu za tela zimepata moto. Mbele kuna mto. Unaingia moja kwa moja kwa sababu unataka kuuvuka kabla jua halijazama. Ndani ya habu, hewa iliyokuwa moto inapoa ghafla na kusinyaa, inavuta chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji ya tope. Sili ya mpira imeundwa kuzuia grisi isitoke. Kuzuia maji yasivutwe ndani ni kazi nyingine, nayo haiiwezi vizuri. Grisi inageuka rangi ya maziwa, beringi inaanza kutu usiku huo huo, na wiki mbili baadaye gurudumu linakupita barabarani.

Dawa yake ni ya bei nafuu: subiri. Weka mgongo wa mkono kwenye habu. Ukishindwa kuuacha hapo, mto nao usubiri. Wenye matela ya boti, ambayo huingizwa majini kila siku ya kazi, wana kifuniko cha habu chenye springi ndogo ndani yake. Springi inasukuma grisi muda wote, hivyo habu ikipoa inavuta grisi badala ya maji.

KIUNGIO

Kiungio cha tela hushika tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Tufe la inchi 2, la vipimo vya Marekani, ni milimita 50.8. Tufe la vipimo vya kimataifa ni milimita 50 kamili. Kwa macho ni pacha. Lakini kiungio cha milimita 50 kinaweza kukataa kufunga sawasawa juu ya tufe la inchi 2, na kile cha inchi 2 kinacheza juu ya tufe la milimita 50 mpaka siku kinapochomoka. Kipimo huwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Futa vumbi usome.

Tufe linatosha barabarani. Porini lina ukomo, kwa sababu tela linahitaji kugeuka kushoto na kulia, kuinama na kuinuka, na pia kujisokota, gari likiwa limelala upande mmoja na tela upande mwingine. Majeshi yalijibu kwa ndoano nzito na pete nene ya chuma. Ina kelele, ina mchezo, kila ukibana breki inagonga, lakini haisongwi. Waaustralia wakaja na viungio vyao vyenye pini na mhimili unaozunguka duara zima, kiasi kwamba tela likipinduka kabisa, gari linaweza kubaki limesimama. Anayetembea mbali na msaada wowote aelewe thamani ya sentensi hiyo.

Minyororo ya usalama hupishanishwa chini ya mkono wa tela, wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto. Kiungio kikichomoka, mkono unaangukia juu ya msalaba wa minyororo badala ya kuchimba lami.

MZIGO UKAE WAPI

Tela lililopakiwa mizigo mizito nyuma linainua kiungio, linaupunguzia uzito mkia wa gari, na likishafika mwendo fulani linaanza kuyumba. Mwanzoni linayumba kidogo na kutulia. Ukivuka mwendo huo, kila yumbo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Kanuni inayotumika Marekani na Australia ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wa tela, wakati mwingine hadi 15, ukae juu ya kiungio. Ulaya wanaruhusu kiasi cha nusu ya hapo, na mwendo wa matela yao sheria inaubana.

Ila asilimia si kila kitu. Unaweza kupata uzito sahihi wa kiungio kwa kuweka jenereta mbele kabisa na spea mbili nyuma kabisa, na tela hilo bado likawa baya, kwa sababu vitu vizito vilivyo mbali na ekseli vikianza kuzunguka havisimami upesi. Tangi la maji likae usawa wa ekseli, chini kadiri inavyowezekana. Lita 100 ni kilo 100, na tangi lililojaa nusu lina tabia ya kuhama lenyewe kwenye kila kona.

Likianza kuyumba, mguu wa dereva unataka breki. Gari likipunguza mwendo ghafla, tela linalisukuma na kulikunja. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, acha mwendo ufe. Kama tela lina breki za umeme zenye kidhibiti karibu na usukani, zibane hizo peke yake: tela likivutwa nyuma, linanyooka.

Breki hizo za umeme zina ufundi mzuri. Ndani ya ngoma kuna sumaku-umeme. Ukipitisha mkondo, sumaku inaishika ngoma inayozunguka, inavutwa nayo, na mvuto huo ndio unaobana viatu vya breki. Nguvu kubwa inatoka kwenye gurudumu lenyewe; betri inatoa amri tu. Aina nyingine, inayofanya kazi tela linapolisukuma gari, ni rahisi na haihitaji waya, lakini kwenye mteremko mrefu wa porini inabana muda wote na kupata moto. Ulaya na Australia zinakubaliana kwenye kizingiti kimoja: tela dogo la hadi kilo 750 halilazimiki kuwa na breki zake. Australia, likizidi tani 2 linatakiwa kuwa na breki kwenye magurudumu yote, pamoja na kifaa cha kulibana lenyewe likikatika.

TELA LINALOJISUKUMA

Kwa nini tela lisisaidie kusukuma? Wengi wamejaribu. Mwaka 1903 Mfaransa Charles Renard alionyesha msafara wa mabehewa ya barabarani ambao injini ya mbele ilipeleka nguvu kwa shafti hadi kwenye kila behewa. Waingereza walijaribu na Land Rover: tela lenye ekseli inayozungushwa na injini ya gari. Kwenye tope lilipanda milima ya ajabu. Kwenye kona, tela lilipokuwa limekunja, lilisukuma gari kwa ubavu na kulilaza. Mradi ukaachwa.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Mmarekani R. G. LeTourneau. Msafara wake wa mwisho, TC-497, ulijaribiwa Yuma, Arizona, mwaka 1962: urefu wa zaidi ya mita 170, magurudumu 54, kila gurudumu na mota yake ya umeme, na turbini nne za gesi za kuzalisha umeme huo. Ulibeba tani 150 jangwani pasipo barabara. Kisha helikopta za mizigo mizito zikaja, na jeshi likakosa haja nao. Kilichobaki ni kichwa chake cha uongozi, kipo Yuma kwenye maonyesho.

Kurt Johannsen wa Alice Springs, Australia, alikuwa na akili ya kiasi zaidi. Baada ya Vita vya Pili alinunua lori kuukuu la jeshi, Diamond T la kubebea vifaru, akaunda matela ambayo ekseli zake za mbele na za nyuma zote zinakata kona, hivyo kila tela linakanyaga pale lilipokanyaga lililotangulia. Ng'ombe waliokuwa wakitembezwa majuma kadhaa hadi reli wakaanza kufika wakiwa wamesimama juu ya magurudumu.

MIZINGA NA BOTI

Sisi pia tuna historia yetu ya kukokota vitu vizito mahali pasipo njia, na kwa bahati mbaya waliokokota wengi hawakuandikwa majina.

Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani walitoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 kutoka kwenye mabaki, wakaipeleka Dar es Salaam, na karakana za mji zikaitengenezea vibebeo vya magurudumu. Mzinga wa melini haukuwahi kukusudiwa kutembea nchi kavu. Ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba, kwenye mchanga na matope, kutoka vita hadi vita. Mmoja unauona leo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria.

Mzinga mmoja ulipanda reli hadi Kigoma na kufungwa juu ya meli Graf von Götzen. Meli hiyo yenyewe ilikuwa imefika Ziwa Tanganyika ikiwa vipande, ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Waingereza waliotaka kuikabili hawakuwa na reli ya moja kwa moja hadi ziwani upande wao, wala muda wa kufungua masanduku. Walichukua boti mbili za mbao zenye urefu wa mita 12 kila moja, Mimi na Toutou, wakazisafirisha kwa meli hadi Cape Town na kwa reli hadi Fungurume, Kongo. Kutoka hapo hadi Sankisia, zaidi ya kilomita 200, zilikwenda nzima nzima juu ya matela.

Zilivutwa na matrekta mawili ya mvuke, yaliyokula kuni na kunywa maji kupita kiasi. Ilibidi ikatwe njia msituni na kujengwa madaraja zaidi ya 100, mengi ya magogo ambayo yalidumu muda wa kupitisha mzigo tu. Milima ya Mitumba ilipandwa hadi zaidi ya mita 1,800 kwa msaada wa ng'ombe na kamba za kapi. Mahali matrekta yaliposhindwa, ng'ombe walivuta, na penye mteremko kazi ikageuka, ikawa ni kuzuia. Maji ya boila yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba kichwani. Mwendo ulianza Agosti, ukafika Sankisia mwishoni mwa Septemba 1915. Mto na reli vikamaliza kilichobaki.

Tarehe 26 Desemba boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani hiyo iliyotekwa, zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen haikupigana nazo. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe walipoondoka Kigoma, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba.

NA MWEZINI

Tela lililokwenda mbali kuliko yote lilivutwa kwa mkono. Februari 1971 wanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard na Edgar Mitchell, walitua mwezini na kigari cha magurudumu mawili cha kubebea zana, kamera na mawe. Matairi yake yalikuwa ya mpira, yamejazwa naitrojeni kwa presha ndogo sana ili yakanyage vumbi bila kuzama. Kwenye tambarare kilifuata vizuri. Walipoanza kupanda kuelekea ukingo wa kreta ya Cone, kilirukaruka juu ya mawe na kuwachosha, wakafika mahali wakakiinua mmoja mbele mwingine nyuma, wakakibeba. Waligeuza bila kuuona ukingo. Picha zilipochambuliwa baadaye ilionekana walikuwa wamebakiza mita 30 hivi. Safari iliyofuata, Apollo 15, Julai mwaka huo huo, wanaanga wake walikwenda na gari la umeme lenye viti viwili, na tela halikupelekwa tena.